Mbwa Asiyeshikika Hachanjwi: Malezi Mema ya Mbwa ni Kinga ya Jamii

Katika malango ya nyumba nyingi yapo maneno mawili yaliyozoeleka: "Mbwa Mkali". Mwenye nyumba huyaandika kwa nia njema, akikusudia kumwonya mgeni na kumtia hofu mwizi. Hata hivyo, maneno hayo humsaidia yule tu ajuaye kusoma, tena pale tu lango linapokuwa limefungwa. Mtoto wa darasa la awali anayekwenda shule kabla jua halijachomoza, mama anayepita na beseni la mboga kichwani, muumini anayeelekea msikitini kwa swala ya alfajiri na dereva wa bodaboda anayerejesha abiria usiku hukutana na mbwa huyo njiani, mahali ambapo hapana bango lolote.

Makala hii inaeleza namna ukali wa mbwa unavyojengeka, namna mmiliki anavyoweza kuuzuia kwa malezi na mafunzo tangu mbwa akiwa mdogo, na hatua za kuchukua pindi mtu anapong'atwa. Ufafanuzi huu unamhusu anayefuga mbwa na asiyefuga, kwa kuwa njia za mtaani ni za wote.

Ugonjwa unaofuata nyuma ya jino

Jeraha la mbwa lina uchungu wake, lakini hofu kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 40 ya waathirika ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika mara nyingi ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka.

Ugonjwa huu una sifa mbili zinazopaswa kukumbukwa daima. Kwanza, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Pili, kabla dalili hazijajitokeza, ugonjwa huzuilika kabisa iwapo jeraha litasafishwa mara moja na majeruhi akapata chanjo kwa wakati. Dalili huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 3 kujitokeza, na wakati mwingine hata zaidi. Katika kipindi hicho jeraha hupona, watu husahau, na mtoto aliyeficha kwamba aling'atwa huonekana mzima.

Kinga kubwa kuliko zote ni kumchanja mbwa. Wataalamu wanakubaliana kuwa iwapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani watachanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Nchi yetu inayo mifano. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza katika miaka ya 1990 zilipunguza ugonjwa kwa mbwa, na pia zilipunguza idadi ya watu waliong'atwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa. Kisiwani Pemba ugonjwa uliondolewa kwa njia hiyo, ukaingia tena, kisha ukaondolewa kwa mara ya pili kwa njia ileile.

Kwa nini mbwa wengine hawafiki kituoni

Siku ya chanjo inapotangazwa, wapo wamiliki wanaobaki nyumbani. Wengine hawakusikia tangazo, na wengine wanakaa mbali na kituo. Lakini ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kwamba mmiliki hawezi kumshika mbwa wake mwenyewe. Mbwa hajawahi kufungwa kamba, hajawahi kutoka nje ya ua mchana, hajawahi kuguswa na mtu zaidi ya yule anayemtupia chakula. Mmiliki anahofia kung'atwa njiani, au anahofia mbwa atawang'ata watoto waliopanga foleni na mbwa wao. Anaamua kuahirisha hadi mwakani.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mbwa aliyelelewa kwa makusudi ili awe mkali ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kumng'ata mtu, na huyohuyo ndiye asiyechanjika. Kaya iliyotafuta ulinzi hujikuta imefuga hatari ndani ya ua wake. Kwa sababu hiyo, kumlea mbwa akubali kushikwa ni sehemu ya kazi ya kuzuia kichaa cha mbwa, kama ilivyo sindano yenyewe.

Ukali wa mbwa hutokana na nini

Yapo mambo kadhaa yanayomfanya mbwa ang'ate. Kubwa kuliko yote ni woga. Mbwa asiyewazoea wageni, watoto au vishindo vya pikipiki huviona vyote kuwa ni vitisho, na asipopata pa kukimbilia hushambulia. Maumivu nayo huchangia: mbwa mwenye kidonda, kupe wengi au sikio linalouma humng'ata hata anayempenda. Mbwa jike mwenye watoto huwalinda, na mbwa yeyote anaweza kulinda chakula chake iwapo amezoea kunyang'anywa.

Namna ya kufuga ina uzito wake. Utafiti uliofanyika katika jiji la Denver nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha mbwa waliong'ata watu na wale wasiong'ata. Ilibainika kuwa waliong'ata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa madume, wasiohasiwa, na wanaofungwa kwa mnyororo uani. Mbwa anayeshinda mnyororoni huona watu wakipita bila kuwafikia wala kuwakimbia. Siku mnyororo unapokatika, hasira na woga wa miezi mingi humwangukia mpita njia wa kwanza.

Zipo pia imani zinazopaswa kuachwa. Wapo wanaoamini kuwa mbwa hupata ukali mzuri akilishwa pilipili, akifungiwa gizani tangu utoto, au akipigwa na kuchokozwa na wageni. Vitendo hivyo humtesa mnyama, na mbwa aliyelelewa hivyo hamtofautishi mwizi na mjukuu aliyekuja likizo. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kuwatendea wanyama ukatili.

Mbwa mlinzi anayefaa ni yule anayebweka mtu asiyemjua akikaribia, kisha akanyamaza na kurudi mwenye nyumba anapomwita. Kubweka ndiko kunakomwamsha mwenye nyumba na kumfukuza mwizi, na kazi hiyo mbwa huifanya bila kufundishwa ukali.

Miezi mitatu ya kwanza

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi mno. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na kipi si cha kuogopwa huanza akiwa na umri wa majuma 3 hivi na hufifia kati ya juma la 12 na la 14. Mwaka 1961 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililothibitisha jambo hilo. Watoto wa mbwa waliachwa wakue na mama zao katika uwanja uliozungushiwa uzio bila kuzoeshwa na binadamu, kisha wakachukuliwa kwa nyakati tofauti ili wazoeshwe. Waliochukuliwa mapema waliwazoea watu kwa urahisi. Walioachwa hadi juma la 14 waliwaogopa watu, na juhudi za baadaye hazikufua dafu kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo, mambo yafuatayo yazingatiwe na kila kaya yenye mtoto wa mbwa.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma 8. Anapocheza na ndugu zake hujifunza kwamba akiuma kwa nguvu mwenzake hulia na mchezo hukoma. Mbwa aliyenyimwa somo hilo hukua bila kujua kipimo cha meno yake.

Aguswe kila siku, kwa upole na kwa muda mfupi. Wanakaya wamshike masikio, miguu, mkia na mdomo, huku akipewa kitu kidogo anachokipenda. Mbwa aliyezoea hayo hatamsumbua mtaalamu atakapomdunga sindano wala mmiliki atakapomtoa kupe.

Akutanishwe na watu wa aina mbalimbali: wazee wenye mikongojo, watoto, wanawake waliovaa khanga na baibui, wanaume waliovaa kofia au helmeti, watu waliobeba mizigo. Aone baiskeli, bodaboda, mbuzi na kuku, na asikie kengele, adhana, muziki na mashine ya kusaga. Asilazimishwe. Akiogopa, asogezwe mbali hadi atulie, kisha ajaribishwe tena siku nyingine.

Kwa kuwa bado hajakamilisha chanjo zake, asiachwe kucheza na mbwa koko wala kuzurura jalalani. Anaweza kubebwa mikononi hadi pembezoni mwa gulio au barabarani ili aone na kusikia. Katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani linashauri hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3 wachanjwe. Mmiliki asimwache nyumbani kwa kudhani kuwa bado ni mdogo.

Mafunzo yasiyohitaji gharama

Mbwa hurudia tendo lililompatia faida. Kanuni hiyo inatosha kumfundisha mambo ya msingi kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kwa kutumia kipande cha ugali au dagaa wachache waliokaushwa.

La kwanza ni kuitikia jina na kuja anapoitwa. Aitwe kwa sauti ya furaha, na kila afikapo apewe kitu. Asiitwe ili apigwe, kwa maana siku ya pili hatakuja. La pili ni kukaa chini anapoambiwa "kaa", kwanza penye utulivu na baadaye penye watu. La tatu ni kutembea kwa kamba bila kuvuta: akivuta, mmiliki asimame, kamba ikilegea, safari iendelee. La nne ni kuachia kitu kilicho mdomoni anapoambiwa "acha", kwa kubadilishiwa na kitu bora zaidi badala ya kunyang'anywa.

Wanakaya wote watumie maneno yaleyale. Ikiwa baba husema "kaa", mama husema "keti" na watoto wanasema neno jingine, mbwa atachanganyikiwa na mafunzo hayatafika popote.

Fimbo haina nafasi katika mafunzo haya. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kuacha kunguruma, lakini woga wake unabaki palepale. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyenyimwa onyo hung'ata bila kutoa ishara. Zipo ishara nyingine zinazotangulia: mwili kukakamaa, weupe wa macho kuonekana pembeni, kulamba midomo bila kuwapo chakula, kupiga miayo, kugeuza kichwa na kusimamisha nywele za mgongoni. Anayeziona ishara hizo amwondolee mbwa kile kinachomsumbua au aondoke yeye mwenyewe taratibu.

Mbwa aliyekwisha kukua

Mwenye mbwa mkali aliyekwisha kukua asikate tamaa, ingawa kazi yake ni ndefu zaidi. Kwanza, achunguzwe na mtaalamu wa mifugo ili ijulikane kama ana maumivu. Pili, azuiwe kufanya madhara: uzio uzibwe matundu, lango lifungwe kwa komeo, na anapotolewa nje afungwe kamba na kuvishwa kifunga mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Tatu, azoeshwe kidogo kidogo. Mtu asiyemfahamu apite mbali, mbwa akitulia apewe chakula, na umbali upunguzwe polepole kwa majuma kadhaa.

Pale ambapo mnyororo hauwezi kuepukwa kwa sasa, mmiliki aanze kujenga banda lenye kivuli, maji na nafasi ya kutosha, na mbwa atolewe kutembezwa kila siku. Kumhasi dume hupunguza kuzurura na kupigania majike, na kumfunga jike kizazi hupunguza watoto wa mbwa wanaotupwa na kuishia kuwa mbwa koko.

Siku ya chanjo, mwenye mbwa asiyeshikika atoe taarifa mapema kwa afisa mifugo wa kata ili washauriane namna salama ya kumhudumia. Kukaa kimya na kumficha ni kuiacha hatari iendelee.

Watoto nao wafundishwe

Wazazi na walimu wanaombwa kuwafundisha watoto kanuni chache. Wasimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto. Wasimrushie mawe wala kumvuta mkia. Wasimguse mbwa wasiyemjua bila ruhusa ya mwenyewe. Mbwa akiwajia, wasikimbie wala kupiga kelele, kwa sababu kinachokimbia hufukuzwa. Wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshushwa, na wasimkazie macho. Mbwa akimwangusha mtoto, mtoto ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono, na atulie kama jiwe.

Kanuni iliyo kuu ni hii: mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, aseme siku hiyohiyo. Mzazi ajizuie kumgombeza kwa kosa la kumchokoza mbwa, kwa sababu mtoto anayeogopa viboko huficha jeraha.

Mtu aking'atwa

Jeraha lisafishwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe udongo, mafuta, pilipili wala dawa yoyote ya kienyeji. Majeruhi apelekwe siku hiyohiyo katika zahanati au kituo cha afya ili apewe maelekezo na chanjo. Ratiba ya sindano itakayotolewa ifuatwe hadi mwisho, hata kama jeraha limekwisha kupona. Mkwaruzo mdogo, au ulimi wa mbwa uliogusa kidonda, nao uripotiwe.

Mbwa anayefahamika afungwe mahali salama na aangaliwe na mtaalamu kwa siku 10. Matibabu ya binadamu yasisubiri siku hizo kwisha. Wananchi wasikimbilie kumuua mbwa na kumtupa, kwa kuwa wataalamu wanahitaji kujua hali yake. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza, anayebweka kwa sauti ngeni au anayezurura na kung'ata ovyo asisogelewe. Taarifa itolewe haraka kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mtendaji wa kata au afisa mifugo. Ieleweke kuwa mafunzo hayamkingi mbwa dhidi ya kichaa. Mbwa mpole asiyechanjwa anaweza kuugua na kung'ata kama mwingine yeyote.

Ujirani mwema

Mbwa ni mali ya kaya, lakini madhara yake huvuka uzio. Wapo majirani wanaomwogopa mbwa tangu utotoni, na wapo ambao kwa imani yao hawapendi kuguswa naye. Mmiliki anayemfunga mbwa wake mchana, anayemtembeza kwa kamba na kumchanja kila mwaka huwaheshimu wote hao bila kuhitaji kikao cha usuluhishi.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku ambayo mwanasayansi Louis Pasteur, mmoja wa waliovumbua chanjo ya ugonjwa huo, alifariki mwaka 1895. Wananchi wanashauriwa kuulizia tarehe na vituo vya chanjo katika ofisi ya mtendaji wa kata, na kutunza kadi ya chanjo ya kila mbwa. Maandalizi yaanze sasa. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba afungwe leo kwa dakika chache ndani ya ua, kesho hadi langoni, na keshokutwa hadi njia panda. Siku ya chanjo itakapofika, hata mtoto mkubwa wa nyumba, akiwa pamoja na mzazi wake, ataweza kumpeleka kituoni na kumrudisha salama.